Chuo cha Wanawake Watano: Hitchin 1869 na Mjadala Wetu wa Alama

Kila mwaka tunapofika katika mada ya usawa na sera za umma, wanafunzi wangu hugawanyika makundi mawili kabla sijamaliza kuandika kichwa cha somo ubaoni. Kundi la kwanza hushikilia kwamba kumwongezea msichana alama ili aingie chuo kikuu ni kumdhalilisha, kwa kuwa hata akifaulu baadaye atanyooshewa kidole kwamba alibebwa. Kundi la pili hujibu kwamba msichana aliyeteka maji alfajiri, akapika, akaosha vyombo, ndipo akaenda shule, hawezi kupimwa kwa mzani mmoja na kaka yake aliyeamka na kukuta uji mezani. Nimeyasikiliza mabishano haya kwa zaidi ya miaka kumi. Yana afya, nami huyafurahia. Lakini nimebaini kwamba pande zote mbili zinakubaliana katika jambo moja bila kulitamka: kwamba suala zima la elimu ya juu ya mwanamke linaamuliwa mlangoni, siku ya udahili. Historia ya chuo kimoja kidogo cha Uingereza imenifanya niitilie shaka imani hiyo, na ndiyo ninayotaka kuisimulia hapa kwa kirefu.

Tarehe 16 Oktoba 1869, wanawake watano waliingia katika nyumba ya kupanga iitwayo Benslow House, katika mji mdogo wa Hitchin, kaskazini ya London. Majina yao ni Emily Gibson, Sarah Woodhead, Louisa Lumsden, Isabella Townshend na Anna Lloyd. Hicho ndicho kilichokuwa chuo kizima. Mwasisi wake mkuu, Emily Davies, alikuwa binti wa kasisi wa Gateshead. Ndugu yake wa kiume, Llewelyn, alipelekwa Chuo cha Trinity, Cambridge. Yeye alibaki nyumbani kusaidia kazi za parokia na kuuguza wagonjwa wa familia. Hakuwa mtu wa kelele. Alivaa kwa unadhifu, alizungumza kwa upole, na alikuwa na ukaidi ambao wanaume wengi wa Cambridge waliutambua wakati wamekwisha kushindwa.

Kwa nini Hitchin, na si Cambridge penyewe? Kwa sababu ya hofu. Iliaminika kwamba kuwaweka wasichana karibu na wavulana wa chuo kikuu kungeleta uvumi, na uvumi mmoja tu ungetosha kuua mradi mzima. Hitchin ilikuwa kati ya London na Cambridge kwa njia ya reli. Hivyo wahadhiri walipanda treni, wakasafiri takriban kilomita arobaini, wakafundisha darasa la watu wawili au watatu, kisha wakarudi kwa treni. Ada ilikuwa paundi 35 kwa muhula, yaani paundi 105 kwa mwaka, fedha ambayo binti wa mfanyakazi wa kiwandani asingeweza hata kuiota. Tusijidanganye kuhusu hilo. Chuo hiki kilikuwa cha mabinti wa tabaka la kati, na meko yao yaliwashwa na watumishi wa kike ambao hakuna aliyewauliza kama nao walitaka kusoma Kigiriki.

Maisha ya mle ndani yalikuwa na vichekesho vyake. Gibson, katika kumbukumbu zake za baadaye, alieleza jinsi walivyopangwa wakati wa chakula. Ilikuwapo meza kuu ya wakubwa, kama ilivyo desturi ya vyuo vya Cambridge, na meza ya wanafunzi, na wanafunzi hao watano waliketi kwa mpangilio rasmi kana kwamba walikuwa hamsini. Davies alikusudia hivyo. Alikuwa akijenga chuo, hakuwa akiendesha nyumba ya kulaza wageni, na chuo kina taratibu zake hata kama wanachuo wanaweza kuenea katika gari moja la farasi. Nimewahi kuhudhuria mahafali ya taasisi changa zenye wahitimu wachache na majoho mengi, nami hucheka kidogo ndani kwa ndani. Lakini nikimkumbuka Davies najizuia. Wakati mwingine taasisi huzaliwa kwa kujifanya kwamba tayari ipo.

Sasa niingie katika ugomvi ambao ndio hasa unaotuhusu.

Wakati huohuo, mwaka 1871, mwalimu mmoja wa falsafa wa Cambridge, Henry Sidgwick, alipanga nyumba mjini humo kwa ajili ya wanawake waliotaka kuhudhuria mihadhara, akamweka Anne Jemima Clough kuwa msimamizi wao. Nao pia walianza wakiwa watano. Kutoka hapo kilizaliwa Chuo cha Newnham. Sidgwick alikuwa mtu mwema na mkweli. Hoja yake ilikuwa hii: shule za wasichana hazifundishi Kilatini wala Kigiriki, na hisabati yake ni hafifu; basi ni ukatili kumlazimisha mwanamke wa miaka ishirini na kitu aanze alfabeti ya Kigiriki leo na kutarajia afanye Mtihani wa Awali wa chuo kikuu mwakani. Awekewe mitihani inayolingana na hali yake. Asome anachokiweza, kwa muda anaouhitaji.

Davies alikataa katakata. Wanafunzi wake wangefanya Mtihani wa Awali uleule waliofanya wanaume, wenye Kilatini, Kigiriki na hisabati. Kisha wangefanya mtihani wa shahada ya heshima, ule unaoitwa Tripos, karatasi zilezile, na kwa muda uleule wa mihula kumi tangu kuingia chuoni. Mtihani maalumu wa wanawake, alisema, utabaki mtihani wa wanawake milele. Hata ukiwa mgumu kuliko wa wanaume, hakuna mwajiri atakayeamini.

Hakuwa akisema hayo kwa kubahatisha. Mwaka 1863 alikuwa amewashawishi wasimamizi wa mitihani ya shule ya Cambridge wawaruhusu wasichana waijaribu, nao wakamjibu kwa kumpa notisi ya wiki sita tu, huenda wakidhani atashindwa kupata watahiniwa. Akawapata 83. Wengi wao walianguka vibaya katika hesabu. Adui zake wangeweza kushangilia, na rafiki zake wangeweza kuomba mtihani wa hesabu ulio rahisi zaidi. Kilichotokea ni tofauti: walimu wa shule za wasichana walipoyaona matokeo hayo walielewa kwamba tatizo lilikuwa ufundishaji wao, wakaanza kufundisha hesabu kwa bidii, na miaka miwili baadaye mitihani ile ilifunguliwa rasmi kwa wasichana. Mzani uleule ulikuwa umefichua ubovu wa shule, si ubovu wa akili za watoto. Wanafunzi wangu wa kundi la kwanza huipenda sana sehemu hii ya historia, na wana haki ya kuipenda.

Lakini kila msimamo una gharama yake, na gharama hii ililipwa na wale wanawake watano. Hebu fikiria: una miaka mitatu na muhula mmoja wa kushindana na vijana wa kiume walioanza Kilatini wakiwa na miaka minane, na sehemu kubwa ya muda huo unaitumia kukariri minyambuliko ya vitenzi ambayo wao waliimaliza kabla hawajabalehe. Waliyafanya hayo yote. Mwishoni mwa 1870 Mtihani wa Awali walikuwa wameupita. Hata hivyo Lumsden, ambaye hakuwa mtu wa kunyamaza, aliandika baadaye kwamba walijiona kama meno tu ya gurudumu katika mpango mkubwa wa mtu mwingine.

Kisa cha mwaka 1871 kinaonyesha alichomaanisha. Wanafunzi wale, kwa kujiburudisha jioni, waliandaa maonyesho ya vipande vya tamthilia za Shakespeare. Kwa kuwa hapakuwa na wanaume, wenyewe walicheza nafasi za wanaume na kuvaa mavazi ya kiume. Davies alipopata habari alishtuka, akataka jambo hilo likome. Hakulipinga kwa kuwa alidhani ni dhambi. Alijua tu kwamba habari za mwanachuo wa kike aliyevaa suruali zikifika London, wafadhili wangekimbia. Wanafunzi nao walikasirika. Walikuwa watu wazima; Lloyd na Lumsden walikuwa wamevuka umri ambao watu wa enzi hizo walitazamia mwanamke awe mama wa nyumba. Walikuja kutafuta uhuru wa akili, wakakuta wanachungwa kwa ajili ya sifa njema ya chuo. Mwanaharakati anayesoma ukurasa huu atakitambua kisa hiki bila kuhitaji maelezo: ni mara ngapi tumewaomba walengwa wa harakati wavumilie kwanza, wasituharibie mbele ya mfadhili?

Na sasa Anna Lloyd. Katika vitabu vingi hupewa mstari mmoja: hakumaliza. Alitoka katika familia ya Kiquaker, naye ndiye aliyekuwa mkubwa kwa umri miongoni mwa watano. Hakushindwa Kilatini, wala hakufukuzwa. Ndugu zake walimtaka nyumbani. Palikuwa na majukumu ya kifamilia, na ilionekana dhahiri kwa kila mtu kwamba dada asiye na mume ndiye anayepaswa kuyabeba, hata kama yupo katikati ya masomo. Akafunga mizigo, akaondoka. Katika yote ninayoyajua kuhusu Hitchin, hili ndilo linalonigusa zaidi, maana nimeliona likitokea katika mihula yangu mwenyewe, mbele ya macho yangu, kwa majina ya Kisukuma na Kihaya na Kimakonde. Mama anaumwa, dada aje. Kaka yupo chuo kingine, mwaka huohuo wa masomo, na simu haimfikii.

Hapo ndipo ninapoona kwamba Davies alikuwa na wazo la pili ambalo lilikuwa kubwa kuliko lile la mtihani, ingawa yeye mwenyewe hakulipigia tarumbeta kwa nguvu ileile. Alisisitiza kwamba kila mwanafunzi awe na mahali pake pa kusomea mbali na mahali pa kulala, pawe na meko ya makaa ya mawe na mlango unaofungwa. Katika maandishi yake ya miaka ya 1870 alieleza kwamba uwezo wa kuwa peke yako huenda ndiyo tunu kubwa kuliko zote za maisha ya chuo, ukilinganisha na maisha ya nyumbani. Binti wa nyumba nzuri ya Kiingereza wakati huo alikuwa na kila kitu isipokuwa saa mbili mfululizo zisizokatizwa. Wageni wanakuja, mpokee. Baba anataka kusomewa gazeti, njoo. Mdogo wako ana homa, keti naye. Hakuna lolote kati ya haya lililo baya, na kwa sababu hiyohiyo hakuna hata moja analoweza kulikataa. Chuo kilimpa kile ambacho familia, kwa upendo wote, isingeweza kumpa: sababu ya heshima ya kutofungua mlango.

Ramani za jengo jipya zilizingatia jambo hilo. Idadi ilikuwa imeongezeka Hitchin kiasi kwamba wanafunzi wengine walilazwa katika jengo la chuma lililosimamishwa bustanini. Mwaka 1873 chuo kilihamia kijiji cha Girton, kilomita nne hivi kutoka Cambridge, karibu kiasi cha kufikiwa na wahadhiri, mbali kiasi cha kuwatuliza wazazi. Mbunifu Alfred Waterhouse alijenga kwa matofali mekundu, na vyumba vya wanafunzi vikapangwa kando ya korido ndefu, kila mwanafunzi na vyumba vyake viwili. Fedha zilipopungua, Davies aliona afadhali kanisa la chuo lisubiri kuliko vyumba. Mwaka huohuo Woodhead, Rachel Cook na Lumsden walifanya Tripos. Chuo kikuu hakikuwatambua, basi watahini waliombwa wasahihishe karatasi zao kama hisani ya binafsi, na mitihani ikafanyika katika chumba cha hoteli mjini Cambridge, Davies akiwa ameketi kando na kazi yake ya kufuma. Wote watatu walifaulu.

Maisha ya Girton katika miaka iliyofuata yanavutia kuyasoma. Usiku baada ya masomo wanafunzi walialikana vyumbani kunywa kakao, na mazungumzo yaliendelea mpaka moto ukazimika. Kwenda kuhudhuria mihadhara mjini kulihitaji idhini ya kila mhadhiri na kuwapo kwa mama mtu mzima wa kuwasindikiza, ambaye aliketi darasani akishona. Mwishoni mwa miaka ya 1870, baada ya moto kuzuka katika shamba la jirani, wanafunzi walitambua kwamba chuo kilicho mbali na mji kingeteketea kabla gari la zimamoto halijafika. Wakaunda kikosi chao wenyewe cha zimamoto, wakapewa mafunzo na mkuu wa zimamoto wa London, wakafanya mazoezi ya kupokezana ndoo na kuendesha pampu kwa mikono. Kikosi hicho kilidumu zaidi ya miaka hamsini. Miongoni mwa waanzilishi wake alikuwamo Hertha Marks, binti wa mtengenezaji saa, Myahudi mhamiaji kutoka Poland aliyefariki na kuacha familia katika dhiki. Alisoma kwa msaada wa Barbara Bodichon, mshirika wa Davies aliyekitolea chuo paundi 1,000 mwanzoni kabisa. Akiwa bado mwanafunzi, Hertha alibuni kifaa cha kuandika mapigo ya mshipa wa damu. Baadaye, kwa jina la Hertha Ayrton, alipewa Nishani ya Hughes ya Chama cha Kifalme cha Sayansi mwaka 1906, miaka minne baada ya chama hichohicho kukataa kumpokea kuwa mwanachama kwa sababu alikuwa mke wa mtu.

Mwanzilishi mwingine wa kikosi hicho, Charlotte Scott, alifanya mtihani wa hisabati mwaka 1880, na alama zake zikalingana na za mtu wa nane katika chuo kikuu kizima. Jina lake halikuruhusiwa kusomwa. Ilipofika zamu ya kumtaja wa nane katika hafla, vijana wa kiume waliokuwapo walipaza sauti wakalitaja jina la Scott wa Girton, mpaka jina la kijana aliyestahili nafasi hiyo rasmi likamezwa na kelele. Mwaka uliofuata, 1881, baraza la chuo kikuu lilipiga kura 398 dhidi ya 32 kuwaruhusu wanawake kufanya Tripos kwa haki na si kwa hisani. Mwaka 1887 Agnata Ramsay wa Girton alikuwa peke yake katika ngazi ya juu ya daraja la kwanza katika taaluma ya Kilatini na Kigiriki. Mwanamume hata mmoja hakuifikia. Mwaka 1890 Philippa Fawcett wa Newnham aliwapita wanaume wote katika hisabati.

Mtu angetarajia hadithi iishie hapo, kwa shangwe. Davies alikuwa amesema: tupimeni kwa mzani uleule. Wakapimwa, wakashinda. Je, walipewa shahada?

Tarehe 21 Mei 1897 suala hilo lilipigiwa kura. Wahitimu wenye haki ya kupiga kura waliletwa kutoka London kwa treni maalumu. Wanafunzi wa kiume walining'iniza mbele ya Jumba la Seneti sanamu ya mwanamke juu ya baiskeli. Waliopinga walizidi 1,700. Waliounga mkono hawakufika 700. Vijana walishangilia, wakaishusha ile sanamu, wakaiburura hadi Newnham, wakairarua mbele ya lango. Mwaka 1921, mwaka ambao Davies alifariki akiwa na miaka 91, Cambridge ilikataa tena. Iliwapa wanawake shahada za jina tu, zisizo na sauti katika uendeshaji wa chuo, na vijana wakasherehekea kwa kuyavunja malango ya Newnham kwa mkokoteni. Uanachama kamili ulikuja mwaka 1948. Kati ya mtihani wa Woodhead na wenzake na siku hiyo ilipita miaka 75. Wapo waliokata tamaa ya kungoja: kati ya 1904 na 1907 wanawake wengi waliomaliza Cambridge na Oxford walivuka bahari kwa meli mpaka Dublin, kwa kuwa Chuo cha Trinity cha huko kilikubali kuwapa shahada kwa masomo waliyokwisha kuyasoma. Watu waliwatania kuwa mabibi wa meli.

Kwa hiyo naliambia kundi langu la kwanza: mzani mmoja hautoshi, maana anayeshika mzani anaweza kukataa kukupa ulichopimiwa. Faida iliyopatikana bila kungoja hisani ya mtu ilikuwa ile ya vyumba. Kura ya 1897 iliweza kumnyima mwanamke shahada. Haikuweza kumnyang'anya miaka mitatu aliyosoma kwa utulivu nyuma ya mlango wake, na kwa miaka hiyo walitoka walimu, wanasayansi na wakuu wa shule ambao hawakuhitaji joho ili wafanye kazi. Scott alikwenda Marekani mwaka 1885 akaongoza idara ya hisabati katika chuo kingine cha wanawake, Bryn Mawr. Lumsden aliongoza shule ya wasichana ya St Leonards huko Uskoti. Constance Maynard, aliyeingia Hitchin mwaka 1872, alianzisha chuo cha Westfield jijini London mwaka 1882. Nacho kilianza na wanafunzi watano.

Nimekaa sana Uingereza. Nirudi kwetu, na njia ya kurudi ipo.

Makerere ilipokea wanawake wa kwanza, sita, mwaka 1945, miaka mitatu kabla Cambridge haijawakubali wanawake kuwa wanachama kamili. Mmoja wa hao sita alikuwa Sarah Nyendwoha wa Hoima, Uganda. Kwa simulizi lake mwenyewe, alitaka kusoma hisabati, lakini mwalimu wa somo hilo hakuwa tayari kufundisha darasa lenye mwanamke, akalazimika kubadili. Mwaka 1951 alikwenda Oxford, katika St Anne's, ambayo wakati huo ilikuwa taasisi ya wanawake watupu, na mwaka 1954 akahitimu shahada ya historia. Sisi wa upande huu wa mpaka tunamfahamu kwa jina la Sarah Ntiro, kwa kuwa aliolewa na mchoraji Sam Ntiro wa Machame, aliyekuwa Balozi wa Tanganyika jijini London baada ya uhuru. Aliporudi Uganda kufundisha aliambiwa kwamba mshahara wake utakuwa pungufu kuliko wa mwanamume mwenye shahada kama yake. Akakataa kuupokea, akaendelea kufundisha bila malipo, mpaka serikali ikaona aibu ikasawazisha. Mtihani uleule, shahada ileile, na bado ilibidi ashindane na karani wa mishahara.

Dar es Salaam, Oktoba 1961, chuo chetu kikuu kilifunguliwa katika jengo la TANU kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria. Mwanamke alikuwa mmoja, Julie Manning, aliyekuja kuwa Waziri wa Sheria. Kisha likaja Azimio la Musoma la 1974: kila mwombaji afanye kazi kwanza kwa takriban miaka miwili, apate pendekezo la mahali pa kazi, ndipo aingie chuo kikuu. Kanuni ilikuwa moja kwa wote, ya kijamaa, na kwa maandishi haikumbagua mtu. Idadi ya wanawake ikashuka, kwa sababu miaka miwili kazini ilikuwa ndiyo miaka ya kuolewa na kuzaa, na baada ya muda mfupi serikali ikawaondolea wanawake sharti hilo. Makerere nayo, kuanzia 1990, ilianza kuwaongezea waombaji wa kike pointi 1.5. Vyuo vyetu vikafuata kwa namna zake: alama za kuingilia zikapunguzwa kidogo, kozi za matayarisho za sayansi zikaanzishwa. Hizi zote ni sera za Sidgwick, nami nazitetea. Nikiwaambia kundi la kwanza kwamba Azimio la Musoma lilikuwa mzani mmoja kwa wote, hunyamaza kidogo.

Lakini kundi la pili nalo linapaswa kunisikiliza. Msichana akishaongezewa pointi akaingia, analala wapi? Tuliotumia miaka yetu katika vyuo vya umma tunalijua neno kubebana: wawili kitanda kimoja, mmoja mwenye jina kwenye orodha na mwingine kwa huruma ya mwenzake. Asiyepata wa kumbeba hupanga chumba mtaani, ambako bumu likichelewa mwenye nyumba hachelewi. Mvulana naye hupanga, ni kweli, ila yeye hurudi kutoka maktaba saa nne usiku bila kuhesabu taa za barabarani. Wapo wanaokaa kwa shangazi au kwa mjomba, na hao ndio ninaowafikiria kila ninapomfikiria Anna Lloyd, maana mpwa wa kike anayeishi kwa ndugu si mwanachuo saa za jioni. Ni mtu wa jikoni aliye na vitabu. Nimesahihisha mitihani ya vijana wa namna hiyo. Karatasi zao zina akili katika kurasa mbili za kwanza, kisha zinakatika, kama mtu aliyeitwa.

Mabweni yanajengwa, pale Mlimani yale yaliyofunguliwa mwaka 2017 yalikusudiwa kulaza wanafunzi 3,840, na hilo si jambo dogo. Ninachokitafuta mimi ni hesabu nyingine. Wakati mmoja niliketi katika kamati ya taasisi moja, nikauliza ni wasichana wangapi kati ya waliodahiliwa kwa upendeleo maalumu walipata kitanda chuoni katika mwaka wa kwanza. Nikaletewa jedwali zuri la udahili, lenye rangi. Nikarudia swali. Kikao kikaahirishwa kwa ajili ya chakula cha mchana.

Muhula huu, basi, nimewapa wanafunzi wa mwaka wa tatu kazi ya kuifanya wenyewe, makundi yote mawili yakichanganyika. Wanawauliza wenzao wa kike mambo matatu tu: unalala wapi, una saa ngapi za kusoma bila kuitwa, na mara ya mwisho uliitwa nyumbani kwa sababu gani. Ripoti zinawasilishwa Juni.